Kukagua Mkanda wa Taimingi na Pampu ya Maji Kabla ya Kulipia Gari Lililotumika

Maswali ni yaleyale. "Gari nimelipata bondi (yadi ya kuuzia magari) ya Nakawa, Kampala, injini inanguruma vizuri, nitajuaje mkanda wa taimingi bado mzima?" "Fundi anasema pampu ya maji inavuja kidogo tu, ninunue?" "Mwenye gari ameapa alibadilisha mkanda mwaka jana, nimwamini?"

Tuanze na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia: macho yanaweza kuutia mkanda hatiani, lakini hayawezi kuuachia huru. Ukiuona umepasuka, umelowa oili au umekatika meno, kesi imekwisha. Ukiuona mweusi na laini bila ufa, bado hujajua kitu. Mikanda ya zamani ilionyesha nyufa mapema. Mingi ya leo imetengenezwa kwa mpira imara zaidi, hukaa ikipendeza mpaka siku inapokatika. Kinachoutetea mkanda ni tarehe na kilomita zilizoandikwa mahali, pamoja na dalili kwamba kazi ilifanyika kweli. Na ile hoja ya "injini inanguruma vizuri" isahau. Injini yenye mkanda wa miaka 15 hunguruma vizuri hadi sekunde ya mwisho.

Nadharia kidogo tu, tusichoshane. Mkanda huu wenye meno unaunganisha kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua vavu) ili vavu zifunguke kwa wakati wake. Kwenye injini nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Beringi ya pampu ikikwama, mkanda unakatika au unaruka meno. Sili ya pampu (kizuizi cha maji kwenye mhimili wake) ikivuja, maji yanaulowesha mkanda na kuudhoofisha. Ndiyo maana vitu hivi viwili hukaguliwa pamoja na hubadilishwa pamoja.

Mkanda ukikatika barabarani, hasara inategemea injini. Kwenye Toyota zenye injini za 4A-FE, 5A-FE, 7A-FE na 3S-FE, vavu na pistoni kwa kawaida havikutani. Gari linazima, unavutwa, unafunga mkanda mpya, unaendelea na safari. Kwenye dizeli zote na kwenye Subaru za EJ20 na EJ25 utakazokutana nazo hapa, pistoni hugonga vavu. Hapo unazungumzia kufungua hedi (kichwa cha injini), au kutafuta injini nyingine Kisekka, soko la vipuri la Kampala.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kwa hiyo magari mengi ya mkanda yanayouzwa sasa ni yale yaliyokwisha kuwa humu nchini, ya namba za UA za Uganda, yaliyopita mikononi mwa wenye gari watatu wanne na gereji zisizohesabika. Kumbukumbu zake mara nyingi hazipo. Hapo ndipo ukaguzi wako unapohitajika.

Vitu vya kuwa navyo

- Tochi yenye mwanga mkali. Ya simu inafaa, ila utahitaji mkono wa pili.
- Kioo kidogo cha mkononi. Au simu yenyewe: ingiza kamera penye upenyo, rekodi video, kisha itazame nje.
- Racheti, ekstensheni fupi, soketi za milimita 10, 12 na 14. Kwa kuzungusha kranki: 19 kwa Toyota nyingi ndogo za mkanda, 22 kwa Subaru za EJ.
- Bisibisi ndefu ya kusikilizia beringi.
- Chaki nyeupe, vitambaa viwili safi, kipande cha boksi cha kutandika chini ya gari.
- Kipima shinikizo cha rejeta ukiweza kukikodi. Gereji zinazojishughulisha na rejeta huwa nacho.
- Saa mbili za muda, na injini baridi kabisa. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti lina moto, rudi kesho. Injini iliyopashwa moto mapema mara nyingi inaficha kitu.

Omba ruhusa ya kufungua mfuniko wa mkanda kabla hujafunga safari. Anayekataa kufunguliwa mfuniko wa plastiki wenye bolti chache amekwisha kukujibu.

Hatua ya 1: Hakikisha gari lina mkanda, si cheni

Tafuta pleti ya maelezo ya gari ndani ya boneti kwenye ukuta wa nyuma, au kwenye nguzo ya mlango, usome aina ya injini. Usitegemee jina la gari, kwa sababu jina moja hubeba injini tofauti. Ipsum ya 1996 hadi 2001 ina 3S-FE, ya mkanda. Iliyofuata ina 2AZ-FE, ya cheni. Spacio ya kwanza ina mkanda, ya pili ina cheni. Harrier ya 2.4 ni cheni, ya 3.0 ni mkanda.

Za mkanda utakazokutana nazo sana: 4A, 5A, 7A, 3S-FE, 5S-FE, 1MZ-FE, 5VZ-FE, 2UZ-FE, dizeli za 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1KD na 1HZ, Subaru za EJ, Honda CR-V ya kwanza yenye B20B, Pajero ya 6G72. Za cheni: 1NZ, 1ZZ, 1AZ, 2AZ, 1ZR, 2ZR, 1TR, 2TR, 1GR. Vitz, Premio ya 2001 kuendelea, Wish: hizo zote ni cheni.

Kama pleti imefutika, tazama ubavu wa injini wenye puli. Mfuniko wa plastiki uliofungwa kwa bolti ndogo za milimita 10 ni wa mkanda. Mfuniko wa chuma uliobandikwa kwa silikoni ni wa cheni, kwa sababu cheni huogelea ndani ya oili.

Kosa la kwanza la wanaoanza linatokea hapahapa: muuzaji anainua boneti, anakuonyesha mkanda mpya unaong'aa na kusema "si huu hapa?" Ule unaouona bila kufungua kitu ni fanibelti, wa alteneta na AC. Mkanda wa taimingi umefichwa nyuma ya mfuniko.

Hatua ya 2: Jua nani anazungusha pampu

Hili litabadilisha namna utakavyoikagua. Kwenye 3S-FE, 5S-FE, 1MZ-FE, 5VZ-FE, 2UZ-FE, Subaru EJ, B20B na 6G72, pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, nayo imejificha nyuma ya mifuniko. Kwenye 4A, 5A, 7A na dizeli za 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1KD na 1HZ, pampu iko nje na huzungushwa na fanibelti. Hizi za nje ni rahisi kuzitikisa kwa mkono na nafuu kuzibadilisha. Zikiharibika haziondoki na mkanda wa taimingi.

Hatua ya 3: Soma karatasi na stika

Magari yaliyotoka Japan mara nyingi huwa na stika ndani ya boneti, kwenye mfuniko wa mkanda, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ikionyesha siku na kilomita za kubadilisha mkanda. Maandishi ni ya Kijapani. Yapige picha, programu ya kutafsiri ya simu itakusaidia. Tarehe ya Kijapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mwaka wenyewe mara nyingi ni wa enzi. Enzi ya Heisei, inayoandikwa H, ongeza 1988: H22 ni 2010. Enzi ya Reiwa, inayoandikwa R, ongeza 2018: R2 ni 2020. Wapo wanaosoma "22" wakadhani ni 2022, wakanunua mkanda wenye miaka kumi na zaidi.

Kwa Toyota hizi na Subaru za soko la Japan, kipimo kinachojulikana ni kilomita 100,000. Hicho ni kikomo cha juu, tena cha gari lililotunzwa. Foleni ya Kampala hula saa za injini bila kuongeza kilomita, na vumbi la moramu huingia hata nyuma ya mfuniko uliofungwa vibaya. Ushauri wetu: miaka 7 au 8 tangu ulipofungwa, uhesabu umekwisha, hata kama odometa inasema 50,000. Na odometa nayo ilinganishe na karatasi ya mnada au cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, kama vipo, kwani kurudisha namba nyuma ni kazi ya dakika chache.

Risiti ya gereji ina thamani ikiwa imetaja vitu kimoja kimoja: mkanda, tenshona (kikazio cha mkanda), aidla (puli inayouongoza mkanda), pampu, sili. Risiti iliyoandikwa "sevisi ya injini" haikuambii lolote.

Kwa Toyota za dizeli, geuza ufunguo bila kuwasha na tazama taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Kwa kawaida inapaswa kuwaka pamoja na nyingine, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa balbu. Ikibaki inawaka, gari limefika kilomita za kubadilisha mkanda na hakuna aliyeirudisha sifuri taa hiyo. Taa hii huhesabu kilomita tu; haijui hali ya mkanda. Iliyozimwa haithibitishi mkanda mpya, kwa sababu kuizima hakuhitaji kununua mkanda.

Hatua ya 4: Soma maji ya rejeta

Injini ikiwa baridi tu, fungua kifuniko cha rejeta. Injini ya moto usiiguse, kifuniko kitaruka na maji yatakuunguza uso.

Unataka kuona kulanti safi, nyekundu, ya waridi au ya kijani, isiyo na takataka. Ukikuta maji ya kahawia kama chai ya rangi, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba. Hii ndiyo sababu kubwa ya pampu kufa hapa kwetu, na chanzo chake ni imani kwamba kulanti ni ya nchi za barafu. Kulanti huzuia kutu, hulainisha sili ya pampu, na huinua kiwango cha kuchemka. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji matupu yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kutu hula panga za pampu na kukwangua sili.

Paka kidole ndani ya shingo ya rejeta. Utando wa oili au uji wa rangi ya maziwa maana yake hedi gasketi (gasketi kati ya bloki na hedi) au kipoza oili kimeharibika. Hilo ni tatizo jingine, na kubwa kuliko pampu. Punje za silikoni zikielea, kuna fundi aliyefunga pampu au thamostati (vavu inayozuia maji mpaka injini ipate moto) kwa kubandika silikoni ovyo. Punje hizo huziba mirija ya rejeta.

Hatua ya 5: Kagua pampu kwa nje

Kila pampu ina tundu dogo chini ya mhimili wake, kati ya sili na beringi. Kazi yake ni kutoa nje maji yaliyopita sili kabla hayajafika kwenye beringi. Tundu hilo ndilo shahidi wako mkuu. Elekeza tochi na kioo hapo.

Alama hafifu iliyokauka si kosa. Hata pampu mpya hutoa jasho kidogo mwanzoni. Ganda nene la rangi ya waridi, kijani au kutu, lililoshuka kama mshumaa ulioyeyuka, linasema sili imekwisha. Tone linaloning'inia halina mjadala. Na ukikuta tundu limezibwa kwa silikoni, liache gari hilo: maji hayakuacha kuvuja, yamegeuziwa kwenye beringi.

Kama pampu iko nje, shika puli yake juu na chini, uitikise mbele na nyuma. Haitakiwi kuwa na mchezo wowote unaousikia mkononi. Kama kuna feni juu yake, tikisa panga za feni taratibu. Kama ni mhimili wa pampu unaocheza, mwili wa puli nao utatikisika.

Kama pampu iko ndani, tazama ukingo wa chini kabisa wa mfuniko wa mkanda na sehemu ya injini iliyo chini yake. Lala kwenye boksi lako uangalie kwa chini. Maji yanayovuja nyuma ya mfuniko hayana njia nyingine.

Angalizo: bondi nyingi huosha injini kwa presha kabla ya kuuza. Injini ya miaka 20 inayong'aa kama sahani isikufurahishe. Angalia kona ambazo maji ya kuoshea hayafiki, yaani nyuma ya mabano ya alteneta, chini ya puli ya kranki na juu ya subfremu, na urudie hatua hii baada ya kuendesha.

Hatua ya 6: Zisome bolti kabla ya kuzifungua

Hii hatua wengi huiruka. Tazama vichwa vya bolti za mfuniko na bolti kubwa ya puli ya kranki. Bolti iliyofunguliwa huacha alama: kona zimekwaruzwa, rangi imebanduka, kutu ya zamani imekatika. Muuzaji akisema mkanda ulibadilishwa, lakini bolti ya kranki ina kutu ile ya kiwandani isiyoguswa na soketi, mkanda haukubadilishwa. Kwenye injini nyingi hauwezi kutoka bila puli hiyo kuvuliwa. Isipokuwa baadhi ya dizeli kama 1HZ na 1KZ, ambazo mkanda wake uko juu na kranki haihusiki.

Hatua ya 7: Fungua mfuniko wa juu

1. Toa ufunguo, weka gia huru, vuta hendibreki, ondoa waya hasi ya betri. Feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe, na vidole havioti tena.
2. Kunja mikono ya nguo, vua tai, vua shanga. Mtandio uufunge nyuma.
3. Fungua bolti za mfuniko wa juu. Huwa 3 hadi 6, za milimita 10 mara nyingi. Kwenye Subaru ya EJ fungua mfuniko wa ubavuni, wa kushoto au kulia. Hauhitaji kuvua puli ya kranki.
4. Zipange bolti kwenye boksi kwa mpangilio wake, maana urefu hutofautiana. Bolti ndefu kwenye tundu fupi hupasua uzi wa aluminiamu, na gari bado si lako.
5. Vuta mfuniko taratibu ukiangalia gasketi yake ya mpira. Kama mpira haupo, vumbi limekuwa likiingia.

Sasa tazama mkanda bila kuugusa. Chora alama ya chaki mgongoni mwake. Weka soketi kwenye bolti ya kranki na uzungushe kwa mkono, taratibu, kwa mwelekeo ambao injini huzunguka ikiwaka. Kwa Toyota na Subaru ni mwelekeo wa saa. Kwa Honda B20B ni kinyume cha saa, na wengi huharibu hapa. Kurudisha nyuma kunaweza kulegeza tenshona na mkanda ukaruka jino. Usitumie stata kuzungusha injini ikiwa mfuniko umefunguliwa. Endelea mpaka chaki irudi; utahitaji mizunguko mitano ya kranki, hata zaidi. Anayetazama kipande kimoja cha juu na kusema "mzima" hajakagua.

Unatafuta haya:

- Nyufa mgongoni au kwenye shina la meno. Ufa kwenye shina la jino ni hukumu ya kifo.
- Meno yaliyolika, yaliyochongoka au yaliyokosekana.
- Kingo zenye nyuzi zinazotoka. Hapa usibadilishe mkanda peke yake. Kuna puli au beringi iliyokaa upande.
- Mgongo unaong'aa kama kioo. Mpira umekuwa mgumu. Bonyeza kwa ukucha: mzima huacha alama inayopotea, mgumu haupokei ukucha.
- Oili. Kitambaa safi kikitoka cheusi chenye mafuta, sili ya kamshafti au ya kranki inavuja. Mkanda uliolowa oili hauoshwi kwa petroli. Hubadilishwa, baada ya kubadilisha sili.
- Maandishi. Kama jina la mtengenezaji na namba bado zinasomeka wazi, mkanda una umri mdogo. Zikifutika zote, umekwenda sana. Hii ni dalili, si ushahidi kamili.

Usiupinde mkanda kwa nguvu wala kuukunja kuona nyufa. Unaweza kukata nyuzi za ndani usizoziona. Na usipulizie dawa ya mkanda ya aina yoyote.

Hatua ya 8: Tenshona na aidla

Kama unafikia aidla, itazame ukiwa unazungusha kranki. Haitakiwi kuyumba wala kukwaruza. Grisi iliyoruka na kuganda kuizunguka maana yake beringi imetema. Kwenye Subaru, 1MZ, 5VZ na 2UZ tenshona ni ya majimaji, yenye kijiti kinachosukuma. Oili ikishuka mwilini mwake, imekufa. Jasho jembamba halina neno, mfereji una neno. Tenshona ya chemchemi ya 3S na 4A haivuji, ila chemchemi huchoka. Mkanda ukilegea katikati ya puli mbili hadi ukaribie kugusa mfuniko, tazama ndani ya mfuniko kama umekwaruzwa.

Funga mfuniko ukimaliza, bolti zote, kwa mkono kwanza, kisha racheti bila kukaza kama ya tairi.

Hatua ya 9: Washa na usikilize

Rudisha betri. Washa, acha injini ilale (ingurume bila kukanyaga mafuta). Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa pampu au karibu yake, mpini kwenye sikio, mbali na mikanda inayozunguka. Beringi nzuri hutoa mvumo laini. Beringi mbovu hukoroma au kusaga mawe.

Kama kuna kelele na hujui inatoka wapi, zima injini, vua fanibelti zote, uwashe tena kwa sekunde 30 tu. Taa ya betri itawaka, usijali. Kelele ikipotea, ilikuwa alteneta, AC, pampu ya stelingi, au pampu ya maji kama ni ya nje. Kelele ikibaki kwenye injini yenye pampu ya ndani, iko upande wa taimingi. Usizidishe sekunde hizo kwa injini yenye pampu ya nje, maji hayazunguki.

Hatua ya 10: Shinikizo, kisha barabara

Injini ikiwa imepoa tena kabisa, funga kipima shinikizo mahali pa kifuniko cha rejeta, upige pampu hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, mara nyingi 0.9 au 1.1 (ni kama bar) kwenye Toyota. Usizidishe, rejeta ya zamani itapasuka na utailipa. Subiri dakika 15. Sindano ikishuka, tafuta tone.

Kisha endesha kama kilomita 20: foleni na AC ikiwaka, halafu mlima. Ukiwa Kampala, Muyenga inatosha. Washa hita: hewa ikitoka baridi wakati geji inasoma moto, maji hayazunguki. Injini inayochukua milele kupata joto huenda imetolewa thamostati. Fundi wengi hapa huitoa kama "dawa" ya kuchemsha, kwa hiyo jiulize ni ugonjwa gani uliokuwa unafichwa. Ukirudi, egesha juu ya boksi safi kwa nusu saa na urudie hatua ya 5.

Kuamua bei

Hakuna ushahidi wa tarehe? Uhesabu mkanda umekwisha, hata kama ni mzuri machoni. Kabla ya kujadiliana, ulizia bei kwenye maduka matatu ya Kisekka au Ndeeba, ya seti nzima: mkanda, tenshona, aidla zote, pampu na gasketi yake, sili za kamshafti na kranki, fanibelti, na kulanti. Gari dogo hula takriban lita 5 hadi 7, nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa ya betri. Ongeza ufundi. Jumla hiyo ndiyo inayotoka kwenye bei ya gari.

Mkanda wa mitumba usinunue kwa bei yoyote, wala pampu iliyotolewa kwenye injini nyingine. Gates, Bando na Mitsuboshi kwa mikanda, Aisin na GMB kwa pampu, ni majina mazuri, lakini maboksi yake huigwa. Tazama uchapaji wa mkanda wenyewe, si boksi. Na usikubali kubadilisha mkanda peke yake kwenye injini yenye pampu ya ndani "kwa sababu pampu haivuji bado". Ufundi ni uleule, na utaulipa mara mbili.

Mambo yakikataa

*Injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haiwaki, haina mguno wa mgandamizo.* Mkanda umekatika. Acha kupiga stata mara moja, kila mzunguko unaweza kupinda vavu nyingine. Usikubali kusukumwa.

*Baada ya mkanda mpya, injini inatetemeka au haina nguvu mlimani.* Mkanda umefungwa jino moja pembeni. Rudi kwa fundi alinganishe alama upya kabla ya kuanza kubadilisha plagi na sensa.

*Mvumo mpya kama filimbi baada ya kazi, unaopanda na mwendo.* Mkanda umekazwa kupita kiasi. Ukiuacha, utaua beringi ya pampu mpya.

*Mlio mkali asubuhi.* Nyunyizia maji kidogo kwenye fanibelti injini ikilala. Mlio ukinyamaza kwa muda, ni fanibelti, si taimingi.

*Inachemsha kwenye foleni, inapoa ikitembea.* Anzia feni. *Inachemsha ikikimbia au ikipanda*: rejeta iliyoziba au pampu iliyolika panga.

*Maji yanapungua, tone halionekani popote.* Pampu ya ndani inaweza kuvuja ikiwa moto tu na maji yakakaukia kwenye bloki, kwa hiyo fungua mfuniko utafute ganda. Kama ndani ni pakavu, angalia mabubujiko kwenye rejeta injini ikilala na moshi mweupe asubuhi. Hiyo ni hedi gasketi, na mazungumzo na muuzaji yaanze upya.